Mapumziko ya okidi wakati wa kipupwe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila mwaka ifikapo Juni, Arusha ikianza kuamka na ukungu na watu wakitoa masweta kabatini, simu yangu hujaa picha za okidi zilizonyong'onyea. Majani yamegeuka njano, shina limesinyaa, na swali ni moja: imekufa? Mara nyingi iko hai kabisa. Inayonisikitisha ni ile itakayokufa Julai kwa sababu mwenyewe aliihurumia akaimwagia maji, au ile iliyonyimwa maji mwezi mzima kwa kuwa mtu alisikia kwamba okidi "hulala" wakati wa baridi.

"Okidi zote hupumzika wakati wa baridi"

Si kweli. Hii ni familia yenye spishi zaidi ya 25,000, na kila moja inafuata hali ya hewa ya kwao. Inayopumzika ni ile iliyotoka mahali penye miezi ya ukame, ikazoea kuweka akiba ya maji kwenye shina lililovimba au kwenye kiazi. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, utazame mmea wenyewe, utafute ghala lake. Dendrobium nobile ina mashina ya pingili kama miwa midogo. Catasetum ina vivimbe vinene vilivyopangana juu ya udongo wake. Phalaenopsis, ile yenye maua mapana kama vipepeo inayouzwa supamaketi, haina ghala: ina majani na mizizi tu. Vanda vilevile, na Paphiopedilum yenye ua la umbo la kiatu. Hizi usizikaushe hata kidogo.

Phalaenopsis hunufaika na baridi kwa namna nyingine. Usiku ukishuka hadi nyuzijoto 16 au 18 kwa wiki chache, huchochewa kutoa kikonyo cha maua. Ikikaa kwenye joto la 28 na zaidi usiku na mchana, huota majani tu. Maji yanaendelea kama kawaida: tazama mizizi, ikiacha ukijani na kuwa ya kijivu, mwagilia asubuhi.

"Dendrobium ni Dendrobium, zote zipewe baridi"

Hapa ndipo mimea mingi inapopotea, kwa sababu muuzaji huandika "Dendrobium" kwenye kibao akaishia hapo. Jenasi hii, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi zaidi ya 1,000.

Dendrobium nobile kwao ni kwenye vilima vya Himalaya, Nepal, Bhutan na kaskazini mashariki mwa India, hadi kusini mwa China. Huko mvua za monsuni hunyesha kwa nguvu kuanzia Juni hadi Septemba, halafu anga hufunguka: mchana jua, usiku baridi, na mvua ni ya kubahatisha kwa miezi. Maua yake hutokana na kipindi hicho.

Mwaka wa kwanza nilipokuwa nayo, niliendelea kuimwagilia na kuitia mbolea yenye nitrojeni nyingi Juni nzima, nikiamini naiandaa kuchanua. Agosti nikaona vifundo vinavimba pembeni mwa mashina, nikafurahi sana. Wiki mbili baadaye vile vivimbe vikawa na ncha kali, vikafungua vijani viwili viwili, na chini yake vikatoa vizizi vyeupe. Vilikuwa vitoto vya mmea, vinane kwenye shina moja, na ua hakuna hata moja. Chipukizi la ua huanza kama kinundu cha mviringo, mara nyingi viwili au vitatu pamoja kwenye kifundo kimoja, na halitoi mzizi. Maji na mbolea wakati huo huuambia mmea kwamba msimu wa kukua haujaisha, nao unatii.

Siku hizi mbolea naisitisha mwanzoni mwa Mei. Juni naihamishia barazani inakopata jua la asubuhi, usiku nyuzijoto 10 hadi 13, kwa wiki nne hadi sita. Maji naipa kidogo tu, pale ninapopitisha kidole gumba kwenye shina nikasikia mikunjo inaanza kukazana. Mikunjo myembamba ya urefu ni sawa. Shina likilegea kama mpira, umechelewa. Majani ya mashina ya zamani yatapukutika, yaache. Maji ya kawaida hurudi vinundu vya maua vikishaonekana wazi.

Ukiipitisha kwenye baridi hiyo ile Dendrobium nyingine, yenye maua yanayofanana na Phalaenopsis juu ya kikonyo kirefu, utaiua. Hiyo ina damu ya Dendrobium bigibbum ya kaskazini mwa Queensland na New Guinea, mahali pa joto. Chini ya nyuzijoto 15 huanza kuteseka. Punguza maji ikimaliza kukua, lakini iweke ndani. Wa Dar es Salaam na Tanga wana bahati na hii kuliko nobile, na ningewashauri wasihangaike kuitafutia nobile baridi ambayo hawana.

"Kupumzisha ni kuacha maji kabisa"

Kwa Catasetum, ndiyo, karibu kabisa. Kwa nobile, ni kupunguza sana. Kwa Cymbidium zile za maua makubwa, kinachotakiwa ni usiku wa baridi, nyuzijoto 10 hadi 13, huku udongo ukibaki na unyevu kidogo. Nimeona watu Njombe wakipata Cymbidium nzuri ajabu bila juhudi yoyote, kwa sababu tu chungu kilikaa nje.

"Haina majani, basi imekufa"

Nenda uwanda wa Kitulo, kusini magharibi mwa Tanzania, mwezi Julai. Uko juu, kwenye mita 2,600 hivi, asubuhi kuna jalidi, nyasi zimekauka, na ungeapa kwamba hapana ua lililowahi kuota pale. Lakini wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 pakawa hifadhi ya taifa, kwa ajili ya maua hasa. Okidi za Satyrium na Disa ziko chini ya ardhi kama viazi, zikingoja. Mvua zikirudi uwanda hufunikwa na rangi. Viazi hivyo vya Satyrium na Disa huchimbwa kinyemela na kupelekwa Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha huko kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, na kila kinachong'olewa hakitachanua tena. Nawasihi wapenzi wa okidi wasinunue za porini. Hata kuzivusha mpaka kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

"Mapumziko ni Desemba hadi Februari"

Hiyo ni kalenda ya Ulaya na Marekani. Huku kwetu kusini mwa ikweta Desemba ni joto, mmea uko katikati ya kukua, na kuukausha wakati huo ni kuuvuruga. Fuata Juni, Julai na Agosti. Ndugu walioko Uingereza au Ujerumani wafuate kalenda ya huko, wakihofia zaidi hita iliyo chini ya dirisha kuliko baridi ya nje.

"Inapopumzika iweke gizani"

Hapana. Huko kwao miti mingi hupukutisha majani wakati wa ukame, na okidi iliyo juu ya tawi hupata mwanga mwingi kuliko wakati wa mvua.

"Chipukizi jipya likitokea, mwagilia mara moja"

Hili huwaponza hata wazoefu, hasa kwenye Catasetum. Chipukizi la kijani linachungulia chini ya kivimbe kikavu baada ya miezi miwili bila tone, na mkono unakwenda wenyewe kwenye ndoo. Uzuie. Chipukizi hilo halina mizizi bado. Linaishi kwa akiba ya kivimbe cha mwaka jana. Maji yatakayoingia hayana wa kuyanywa, yatatuama katikati ya majani machanga na kuyaozesha. Ngoja mizizi mipya itoke, iteremke ndani ya chungu, ifike sentimita 8 hadi 10. Chungu cha plastiki kinachopitisha mwanga husaidia, unaiona ikishuka ukutani. Ikifika hapo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na usiache tena mpaka majani yaanze kugeuka njano.