Ukikosa Bagamoyo, jukwaa bado lipo

Vijana wengi wa Kigoma wanaopenda maigizo ya kuimba na kucheza huambiwa mlango ni mmoja: TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ukikosa, sahau sanaa. Si kweli, na imani hiyo inatupotezea vipaji.

TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inastahili sifa zake, kwani ngoma, muziki na maigizo viko chini ya paa moja. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho na muziki, Dodoma wana shahada ya tamthilia na filamu, na Makumira, Arusha, wana shahada ya muziki.

Kosa jingine, kubwa zaidi kwa maoni yangu, ni kujaza chaguo la pili kozi yoyote ilimradi fomu ikamilike. Jiulize: nikiishia hapa, nitaendelea kuimba na kuigiza? Mwanafunzi wa muziki atahitaji kikundi cha maigizo karibu. Wa maigizo, kwaya. Ulizeni hayo mapema, pamoja na kama kuna usaili, maana nauli ya kutoka Kigoma si ndogo. Na aliyeishia kidato cha nne aanze na astashahada. Kisha stashahada nzuri humfikisha hata kwenye shahada.