Sayansi ya siasa sio kozi ya porojo, twende dirisha la dawa

Kila msimu wa udahili simu yangu haipoi, wazazi wanauliza swali lile lile: "Mwalimu, huyu mtoto akisoma hayo mambo ya siasa na sera atakuja kuwa nani, diwani?" Huwa nacheka tu maana hata marehemu baba aliniuliza hivyohivyo, yeye alitaka niwe mhasibu.

Nielewe kitu kimoja kwanza, kozi hizi hapa kwetu hazikuanza jana. Chuo cha Dar kilifunguliwa 1961 na sheria tu, tena kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964 na sayansi za jamii zikaanza. Miaka miwili tu mbele, Oktoba 1966, wanafunzi wakaandamana mpaka Ikulu kupinga JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa sababu sera ilitaka watumikie miaka miwili na kwa miezi 18 kati ya hiyo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, halafu akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Huwa naanza nayo lekcha ya kwanza, naliuliza darasa: hapo tatizo lilikuwa sera yenyewe au namna ilivyowafikia watu? Mjadala unalipuka mpaka kipindi cha mwenzangu kinachelewa.

Ila kazi yenyewe iko fildi. Chukua Sera ya Afya ya 2007, inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Sawa, sentensi nzuri kabisa. Sasa mimi nawaambia vijana wasisome sera nzima, washike hayo maneno matatu tu, "wasio na uwezo", wayafuate kwa miguu mpaka yaishie. Nani anaamua mzee hana uwezo? Anaanza mtendaji wa kijiji, anaandika barua na kugonga muhuri, na siku ukimkuta kaenda kikao unarudi kesho. Kuna babu mmoja vijana wangu walimsindikiza, alitoa nauli ya bodaboda kwenda mjini kupiga picha za pasipoti za kubandika kwenye kitambulisho cha msamaha wa kulipia matibabu, yaani hela ya kuthibitisha kwamba hana hela!

Akafika mapokezi, kweli hakulipa. Kwa daktari hakulipa. Dirisha la dawa akaambiwa vidonge vya presha vimeisha babu, kanunue duka la nje. Akakunja karatasi yake taratibu akaiweka kwenye mfuko wa koti, akaenda zake. Kwenye ripoti ya mwezi huyo babu amehesabiwa: ametibiwa bure.

Michael Lipsky, Mmarekani, alishaandika tangu 1980 kwamba mtumishi wa dirishani naye anatunga sera, kwa sababu foleni ni ndefu, vitu havitoshi na yeye ndiye anayeamua leo nani apate. Mwanafunzi akikariri hilo kwenye desa, zile notsi za kupeana, anapata B yake na kusahau siku hiyohiyo, akimwona yule babu anakunja karatasi hasahau. Na sipendi, nasema wazi, hii tabia ya kujijazia mwenyewe madodoso, fomu za maswali ya utafiti, geto usiku halafu unaniletea "asilimia kubwa waliridhika", hapo mtu anakula sapu, anarudia mtihani, bila huruma.

Kuna binti mmoja aliniuliza siku ile tukiwa kwenye gari tunarudi, sasa mwalimu tumlaumu nani, mfamasia? Nikamwambia mfamasia hatengenezi vidonge, fuata karatasi ya oda, nani aliagiza, lini, ngapi, hela ikatoka lini. Wiki iliyofuata nikawakuta kwenye stoo ya dawa na leja, mmoja anasoma tarehe kwa sauti na mwingine anahesabu makopo.