Nyumba moja, warithi sita: ya kukagua kabla hujatoa arubuni Zanzibar

Kwenye kuta za mitaa inayokua pembezoni mwa mji wa Unguja huonekana maandishi ya aina mbili, yamepigwa kwa brashi na rangi nyekundu: “Nyumba hii inauzwa” na “Nyumba hii haiuzwi”. Haya ya pili ndiyo yanayonishughulisha. Mara nyingi huandikwa na mrithi aliyesikia kwamba ndugu yake ameshapokea arubuni, na anayeumia ni mnunuzi aliyetoa pesa kwanza akauliza baadaye.

Soko limekwenda mbio, halina mzaha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Mashamba ya mihogo na minazi ya Fuoni, Kwarara na Tunguu yamekuwa mitaa. Barabara ikitiwa lami, bei hupanda kabla lami haijapoa. Tangu Septemba 2023, ilipotangazwa kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON 2027, madalali wa upande wa Fumba nao wamepata neno la kuongezea bei. Soko la namna hii humtia mnunuzi pupa. Dalali atakwambia: “Kuna mtu mwengine anakuja kesho na pesa mkononi.” Mwache aje. Nyumba isiyoweza kungoja siku kumi za ukaguzi ina jambo.

Anza na swali hili: unauziwa nini hasa? Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Umilikaji Ardhi, Namba 12 ya 1992, imeendeleza msingi huo huo. Ardhi ni ya umma, na Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 hupata haki ya kuitumia. Nyumba iliyo juu yake ni mali ya aliyejenga au aliyerithi, na miti nayo inaweza kuwa na mwenyewe mwengine kabisa. Kutenganisha nyumba na ardhi si jambo jipya kwetu. Wazee wa Ng'ambo, mitaa ya mji wa Unguja nje ya Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928 kwa sababu nyumba zilikuwa zao na viwanja vya watu wengine. Kwa hiyo mtu akikwambia “nauza nyumba yangu”, muulize vitu vitatu kimoja kimoja: nyumba ya nani, uwanja una haki ya nani, miti ya nani.

Hilo la miti watu wa mjini hulipuuza, na Pemba ndiko linakouma zaidi. Uwanja wa Vitongoji au Konde unaweza kuwa na mikarafuu minne aliyoipanda babu wa mtu mwengine, na wajukuu wake wanakuja kuchuma kila msimu. Ihesabu miti, andika idadi na aina yake ndani ya mkataba, na mwenye miti atie saini kuwa amelipwa. Wala usije na shoka. Mkarafuu haukatwi bila kibali, hata ukiwa katikati ya mahali ulipokusudia kuweka sebule.

Sasa waraka. Karatasi utakazoonyeshwa hazina uzito mmoja, na tofauti ya bei kati ya viwanja viwili vinavyopakana mara nyingi inatoka hapa. Ya juu kabisa ni hati ya haki ya matumizi ya ardhi yenye ramani ya upimaji. Chini yake ni waraka wa mauzo uliosajiliwa. Chini zaidi ni karatasi ya mkono iliyoshuhudiwa na sheha (kiongozi wa Serikali mtaani) na majirani wawili. Hii ya mwisho ina maana yake, kwani sheha anajua nani alikuwa akilima wapi, lakini ni ushahidi wa makubaliano tu. Haikupi haki ya ardhi. Halafu kuna karatasi za eka tatu, zile ardhi zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ili watu walime. Nyingi zimekatwa viwanja vya nyumba kimyakimya, mkato juu ya mkato. Ukiuziwa kipande cha eka tatu, usiridhike na karatasi ya anayekuuzia peke yake. Nenda Kamisheni ya Ardhi ukaulize eneo lile limeandikwa kwa jina la nani na limekusudiwa matumizi gani.

Soma waraka kwa kurudi nyuma. Anayekuuzia alinunua kwa nani? Huyo naye alipata wapi? Majina yaungane kama pete za mkufu. Ukifika mahali jina la mwisho la waraka mmoja si jina la kwanza la waraka unaofuata, simama hapo. Kwa kawaida pale pana mtu aliyekufa, na mirathi yake haijagaiwa.

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi, maana sijaona kitu kinachovunja mauzo ya nyumba Zanzibar kuliko mirathi. Chukua mfano: marehemu hana mzazi aliye hai, ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Madeni yamelipwa, wasia hakuna. Nyumba inauzwa shilingi milioni 60. Mke anapata thumni, sehemu moja ya nane, yaani milioni 7.5. Zinabaki milioni 52.5, na kila mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili, wa kike fungu moja. Jumla ni mafungu saba, kila fungu milioni 7.5. Wa kiume watapata milioni 15 kila mmoja, wa kike milioni 7.5 kila mmoja. Hesabu nyepesi. Shida ni kwamba anayekuuzia mara nyingi ni kaka mkubwa peke yake, na anazungumza kama mwenye nyumba yote ilhali fungu lake ni robo.

Warithi ni sita, basi unahitaji saini sita. Kisha uliza: yupo mrithi aliyefariki baada ya baba na kabla ya kugawa? Akiwepo, fungu lake limeshawashukia watoto wake na mume au mke wake, na saini sita zimekuwa tisa au kumi. Yupo mtoto mdogo? Mama yake hawezi kuliuza fungu lake hivi hivi. Suala lake lipite mahakamani. Yupo aliye Maskati, Mombasa au Dar es Salaam? Ujumbe wa sauti kwenye simu, “mimi sina tatizo, uzeni tu”, hautoshi. Inatakiwa hati ya uwakili iliyotiwa saini mbele ya ofisa anayeruhusiwa, ikiitaja nyumba hiyo na kumpa wakili mamlaka ya kuuza na kupokea pesa. Mwenye kuruhusiwa kuuza haina maana ameruhusiwa kupokea.

Uthibitisho wa warithi hupatikana kwa kadhi au kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ndiyo unayopaswa kuiuliza pia iwapo nyumba ni ya wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi kwa sababu familia imeona bei nzuri. Na ninakusihi, wasikilize akina mama wa nyumba ile. Dada aliyeolewa mbali ndiye husahauliwa kwenye karatasi, kisha ndiye mwenye haki ya kusimamisha kila kitu.

Uwanja upimwe kwa kipimo kisichopanda na kushuka na mtu. Bado watu wanauziana kwa hatua. Uwanja wa hatua 25 kwa 20, ukipimwa na mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90, ni mita 22.5 kwa 18, yaani mita za mraba 405. Akipima mwenye hatua ya sentimita 75, ni mita 18.75 kwa 15, yaani mita za mraba 281. Pengo hilo linatosha kujenga banda la uani, karo (shimo la maji machafu) na mahali pa kuegesha gari. Futi ni afadhali: 50 kwa 60 ni futi za mraba 3,000, karibu mita za mraba 279. Anayekata eka moja, yenye futi za mraba 43,560, atapata viwanja 14 vya namna hiyo akisahau kuacha njia. Wengi husahau. Ndiyo maana utakuta nyumba nzuri ambayo gari la maji machafu halifiki na jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa. Upana wa njia uandikwe kwenye mkataba, na njia ionekane kwenye ramani, si kwenye kidole cha muuzaji.

Siku ya kupima waite majirani wa pande zote. Muulize kila mmoja kwa adabu, mbele ya muuzaji na sheha: “Shekhe wangu, mpaka wako na huyu unaishia wapi?” Akinyamaza au akiangalia pembeni, kuna mgogoro. Yakiwa mawe ya mpaka ni mapya na udongo wake bado laini, uliza yaliwekwa lini na nani alikuwepo.

Nyumba yenyewe iangalie wakati wa masika, Machi hadi Mei, kama unaweza. Ukija kiangazi, tafuta alama. Angalia ukuta wa nyuma: plasta iliyobambuka kwa mstari mmoja ulionyooka, kutu kwenye bawaba za chini za mlango ilhali za juu ni safi, soketi za umeme zilizohamishiwa juu kuliko ilivyo kawaida, rangi mpya iliyoishia kiunoni. Hayo ni maji yaliyoingia ndani. Kisha uliza wapangaji, maana mwenyewe hatasema.

Unga mweupe unaotoka ukutani ni habari nyingine. Mchanga Zanzibar ni wa shida na uchimbaji wake unadhibitiwa, hivyo baadhi ya wajenzi huchanganya mchanga wa pwani. Chumvi yake huvuta unyevu, lakini hatari kubwa iko kwenye zege: nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Tazama chini ya slabu na kwenye lenta za madirisha. Mpasuko unaofuata urefu wa nondo, wenye doa la kahawia, haufunikwi kwa rangi. Huo ni wa kubomoa na kujenga tena, na gharama yake ukate kwenye bei.

Kwa pwani ya mashariki, Paje, Jambiani hadi Makunduchi, chini ni jiwe la matumbawe. Kuchimba karo huko si kazi ya jembe, na maji ya kisima mara nyingi yana chumvi. Yaonje kabla ya kuahidi chochote.

Mji Mkongwe una mambo yake: ukarabati wowote unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, na kuta za mawe na chokaa zilizopigwa plasta ya saruji hushika unyevu ndani mpaka boriti zikaoza vichwa. Pia hakikisha huuziwi kilemba. Mpangaji wa nyumba ya Serikali akikuuzia “haki ya kukaa”, hujanunua nyumba.

Fleti zinaongozwa na Sheria ya Kondominiamu ya 2010. Hapo usiulize vigae. Uliza namba ya sehemu yako, fungu lako kwenye maeneo ya pamoja, ada ya kila mwezi na nani anaipanga. Ikiwa jengo bado halijainuka, malipo yafungwe na hatua za ujenzi: msingi, slabu, paa, kukabidhi ufunguo.

Asiye Mzanzibari asikubali kununua uwanja kwa jina la rafiki. Mwenye jina ndiye mwenye haki, na akifa, warithi wake hawajui habari za urafiki wenu.

Kuhusu pesa: arubuni iwe ndogo, na iandikwe itarudi lini. Kuhamisha haki ya ardhi kunahitaji idhini ya Bodi ya Uhaulishaji chini ya sheria ya 1994, kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba Bodi ikikataa, arubuni inarudi yote. Fungu kubwa lipite benki, siku ya kutia saini, kwenye akaunti ya muuzaji au za warithi mmoja mmoja. Bei iwe kwa shilingi. Kanuni za 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na mkataba wa dola sasa ni kujitafutia tabu. Kubalianeni pia nani analipa ushuru wa stempu, kodi ya faida na ujira wa dalali.

Wewe unayeuza, kazi yako ianze kabla ya kutangaza. Maliza mirathi, pima uwanja, lipa deni la maji, weka nakala za waraka pamoja. Mpe dalali mmoja bei moja kwa maandishi. Ukiwapa watano, kila mmoja ataweka cha juu chake, na mnunuzi atasikia milioni 70 asubuhi na 85 jioni kwa nyumba ile ile. Akishasikia hivyo, hata bei ya haki ataiona ya uongo.

Ukishakabidhiwa, siku hiyo hiyo soma mita ya umeme ya Tukuza mbele ya muuzaji, iandike kwenye hati ya makabidhiano pamoja na idadi ya funguo, na wiki hiyo badilisha jina la umeme na la maji. Nakala ya waraka mpelekee sheha.