Vitabu vya Kitaaluma Kuhusu Jamii na Uhalifu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kitabu cha kitaaluma kikishachapishwa, kilichomo kimethibitishwa.

Kitabu cha kitaaluma ni hoja. Mwandishi ana swali, ana ushahidi, na anaeleza alivyoupata ili mwingine aje aukague. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu kilichodai kwamba kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba hutambulika kwa fuvu, taya na masikio yao. Kiliongezwa kurasa na kurudiwa kuchapwa mara kadhaa. Mwaka 1913 daktari wa magereza nchini Uingereza, Charles Goring, akatoa vipimo vya wafungwa wapatao 3,000, akawalinganisha na wanafunzi wa vyuo vikuu, askari na wengineo. Umbo la pekee la mhalifu halikuonekana. Goring naye alihitimisha kuwa wafungwa wana upungufu wa akili, na wengine wakaja kulipinga hilo. Ndivyo taaluma inavyokwenda, na msomaji anayeruka sura ya mbinu za utafiti akakimbilia hitimisho anaikosa sehemu muhimu kuliko zote.

Dhana: Takwimu za polisi ndizo hesabu ya uhalifu.

Takwimu za polisi ni hesabu ya makosa yaliyoripotiwa na kuandikwa. Mtu aliyepigwa nyumbani kwake akanyamaza hayumo. Ndiyo maana watafiti walianza kuwauliza wananchi wenyewe kama wametendewa makosa, waliripoti au hawakuripoti; uchunguzi wa kitaifa wa namna hiyo ulianza kuchapishwa Uingereza miaka ya 1980, na makosa mengi yaliyotajwa humo hayakuwahi kufika polisi. Kwa hiyo takwimu zikipanda, huenda uhalifu umeongezeka, au huenda watu wamepata ujasiri wa kwenda kituoni. Mwandishi makini hukwambia ni lipi kati ya hayo, na kwa nini anaamini hivyo.

Dhana: Vitabu vya uhalifu vinahusu wezi wa mitaani.

Vingi vilikuwa hivyo, mpaka mwanasosholojia Edwin Sutherland wa Marekani alipowauliza wenzake mwaka 1939 kwa nini hawawatazami wenye vyeo na makampuni. Alipekua maamuzi ya mahakama na ya vyombo vya serikali dhidi ya makampuni makubwa 70: matangazo ya uongo, kula njama za kuminya ushindani, kuvunja sheria za kazi. Kila kampuni ilikuwa na angalau uamuzi mmoja dhidi yake. Kitabu kilitoka mwaka 1949 bila majina ya makampuni hayo, kwa kuwa mchapishaji alihofia kushtakiwa. Toleo lenye majina lilisubiri hadi mwaka 1983, Sutherland akiwa amefariki zamani. Binafsi naona kisa hiki kinafundisha kuhusu madaraka kama kinavyofundisha kitabu chenyewe.

Dhana: Pasipo maandishi hapana historia.

Mwaka 1961 mwanahistoria Jan Vansina, aliyefanya utafiti miongoni mwa jamii ya Wakuba wa Kongo, alionyesha namna masimulizi ya mdomo yanavyoweza kuhakikiwa kama nyaraka: nani amesimulia, alipokea kutoka kwa nani, na ana maslahi gani. Nyaraka zenyewe hukaguliwa hivyo hivyo. Barua ya gavana inasema aliyotaka gavana yasemwe.

Dhana: Aliye kazini hahitaji vitabu, uzoefu unatosha.

Hii ndiyo inayoumiza watu, kwa sababu inabebwa na watu wema. Mwaka 1939 huko Massachusetts, Marekani, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana ili wasiingie kwenye uhalifu. Walipangwa wawili wawili wanaofanana, kisha sarafu ikarushwa kuamua nani kati yao asaidiwe. Waliosaidiwa walitembelewa na washauri nyumbani, wakapewa masomo ya ziada, matibabu na nafasi za kambi za likizo, kwa wastani wa miaka mitano hivi.

Miongo kadhaa baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wakiwa watu wazima, na mwaka 1978 akachapisha alichokikuta. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Baadhi walimkumbuka mshauri wao kwa upendo. Lakini walipolinganishwa na wenzao ambao hawakuguswa kabisa, waliosaidiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi katika mambo kadhaa: kurudia makosa, dalili za ulevi, maradhi makubwa ya akili, hata kufa mapema.

Mshauri aliyekuwa akibisha hodi kwenye nyumba hizo asingeweza kuliona hilo. Aliona kijana anayemfurahia na mama anayeshukuru. Yule kijana wa pili, ambaye sarafu ilimwacha nje, hakuwa miongoni mwa aliowatembelea.