Eti "bado unaosha wazee?"

Jana tena, ndugu yangu kanipigia simu kutoka Tanga, salamu hata hazijaisha, "dada, bado unaosha wazee?" Nimechoka na hilo swali jamani. Niko nyumba ya wazee hapa Perth, Australia, tumejaa Waafrika Mashariki kwenye hii kazi na sisi wenyewe tunaisema kwa aibu.

Kuosha ndio ukaguzi wenyewe! Bafuni ndio naona kisigino kimekuwa chekundu na nikikibonyeza wekundu hautoki, nisipomwambia nesi hapo hapo tutakuja kuuguza kidonda. Bibi alikuwa anaongea vizuri, leo ghafla kachanganyikiwa, usiseme ni uzee, inaweza kuwa infeksheni ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, choo kigumu, au dawa mpya, na mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, pengine hawezi kukwambia panapouma, utaona anakunja uso, anasukuma sahani. Babu akinipiga ngumi namvua shati simuiti mkorofi, pengine bega linamuuma, pengine haelewi mimi ni nani na kwa nini namvua nguo. Namwacha kwanza, narudi baadaye, nautoa mkono mzima mwanzo, wenye maumivu mwisho, na kuvalisha ni kinyume chake. Hiyo ndio mnayosema haina utaalamu.

Mishahara imepanda, kweli. Novemba 2022 Fair Work, tume ya hapa Australia inayoamua mishahara, ilikubali kwamba kazi hii ilikuwa inalipwa chini ya thamani yake, na sababu mojawapo ni kwamba ni kazi ya wanawake, tukaongezwa asilimia 15 kuanzia 30 Juni 2023, na 2025 tukapata nyingine.

Kinachoniudhi ni hizi dakika za huduma ambazo serikali inazidai kwa kila nyumba ya wazee. Tangu Oktoba 2024 mnasikia kila mzee anapata dakika 215 za huduma kwa siku, 44 zikiwa za nesi aliyesajiliwa. Hapana, huo ni wastani wa nchi, kila nyumba inapangiwa zake kufuatana na hali ya wakaazi. Na anayecheza nao karata na kuwaimbisha, dakika zake hazihesabiwi kabisa! Naziunga mkono hizi dakika, ila naogopa kisichohesabiwa ndicho kitakachokatwa kwanza.

Kwa hiyo wewe unayekuja kusomea hii kazi, ukiitwa intavyuu usiulize pesa ya saa tu, uliza usiku mnakuwa wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, maana dakika zinapigwa hesabu ya siku nzima, na mchana ukijaa watu, usiku mnaweza kubaki wawili na kengele zinalia vyumba vitatu.