Usitoboe ukuta, tazama bati

Kila ikifika Septemba, kabla vuli haijaanza, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Safari hii umetoka kwa dada yangu, na picha ya sebule: "Injinia, nyumba inatuchemsha. Fundi anashauri tuongeze madirisha mawili upande wa ziwa. Itakuwa shilingi ngapi?" (Mimi si injinia, ni mchora ramani, ila Mwanza ukishika tepu tu umeshakuwa injinia. Nimeacha kubisha.)

Dada yangu nimemjibu kwa mkato, na sauti yangu haikuwa nzuri. Ndiyo maana naandika hapa, atakayeuliza tena nimtumie hii badala ya kumkaripia. Dirisha si dawa ya joto la nyumba yako. Na dirisha la upande wa ziwa, kwa viwanja vingi vya mji huu, ni kuongeza kuni.

Tuanze na hewa. Tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mlangoni. Kivulini mchana kipimajoto huchezea nyuzi 28 hadi 30, usiku kinashuka chini ya 20. Hiyo si hewa ya kumfanya mtu atoke kwake saa tisa akakae chini ya mwembe wa jirani. Lakini watu wanatoka, tena wanatoka wakilaani "joto la siku hizi". Hewa ya chini ya mwembe na ya sebuleni zinakaribiana kuliko unavyodhani. Kilichobadilika ni kilichoko juu ya kichwa.

Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita utosini kabisa, na miezi mingine adhuhuri haliendi mbali. Kwa hiyo ukuta wenu mkubwa unaopigwa na jua mwaka mzima si ukuta, ni paa. Bati likipigwa vizuri hupita nyuzi 60. Halafu linageuka na kuwamwagia ninyi mlioko chini. Joto hilo halisubiri hewa ilibebe, linakuja moja kwa moja mpaka kwenye ngozi. Kaa mbele ya jiko la mkaa, mwenzako apepee katikati: upepo unapita na uso bado unaungua. Ndiyo sababu unafungua madirisha yote, pazia linapepea, na bado unatokwa jasho ukijiuliza upepo umeingia wapi.

Usiniamini, jipime. Saa nane mchana panda kwenye stuli ndani ya chumba kisicho na dari. Nyoosha mkono, kiganja kikitazama bati bila kuligusa, hesabu hadi kumi. Halafu geuza kiganja kitazame sakafu. Hewa ni ileile, mkono ni uleule. Wateja wangu wabishi zaidi hunyamaza hapo.

Wengine siku hizi wana vile vipimajoto vya bastola, wanaelekeza kwenye bati jipya linalong'aa, kinasoma nyuzi 35, wananiletea picha kama ushahidi kwamba nazusha. Kipimo kimedanganywa. Chuma kinachong'aa kinatoa mionzi kidogo, na bastola inasoma mionzi, haisomi chuma. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, iache dakika chache, pima juu ya tepu. Halafu turudi kuongea.

Sasa dari, na hapa ndipo ninapopoteza marafiki. "Nimeshaweka jipsamu, lakini joto liko palepale." Ndiyo. Jipsamu ya milimita 9 inakukinga bati lisikutazame uso kwa uso, na hilo si dogo, ila yenyewe nayo inapata moto. Kama juu yake umefungia hewa isiyo na pa kutokea, kufikia saa kumi dari lako limeshakuwa bati la pili, laini na lenye taa za urembo. Nafasi kati ya bati na dari lazima ipumue: matundu chini ya fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) pande mbili zinazotazamana, yenye wavu mgumu wa kuzuia popo, na upenyo juu, chini ya kofia (bati la kileleni) au kwenye pembetatu ya ukuta chini ya paa. Fundi ataziba yote kwa sababu "panya wataingia". Mwambie aweke wavu, asizibe.

Halafu ile karatasi ya fedha. Duka la vifaa wanakuuzia foili, fundi anaitandaza juu ya papi (mbao za kupigilia bati), anaigandamizia bati, kazi imekwisha, hela imekwenda. Foili ikigusana na bati inapokea joto kwa kuguswa, na upande wa juu haifanyi lolote. Inafanya kazi kwa sababu ya hewa iliyo mbele ya uso wake unaong'aa. Bila mwanya, ni pambo. Iteremshe iwe chini ya papi, sentimita chache kutoka kwenye bati, na uso unaong'aa utazame chini, kuelekea dari. Watu wanashangaa: kwa nini chini wakati jua liko juu? Kwa sababu uso unaong'aa hautoi joto kirahisi hata ukiwa wenyewe umepata moto. Na kwa sababu ya vumbi. Uso wa juu baada ya kiangazi kimoja cha Buhongwa umeshavaa vumbi, na foili yenye vumbi haing'ai tena. Uso wa chini unabaki safi.

Rangi ya bati nitaisema haraka maana nimeshachoka nayo. Bati la msauzi lenye rangi ya mkaa ni zuri kwenye picha. Ukiwa bado hujanunua, chukua rangi iliyopauka kuliko zote ambazo mkeo au mumeo atakubali. Bati la zamani lililoanza kutu likipakwa nyeupe, utaona tofauti wiki hiyohiyo. Kuhusu bati tupu linalong'aa dhidi ya la rangi nyeupe, vitabu vinasema nyeupe inashinda, na kwa upande wa juu ni kweli: bati tupu linarudisha mwanga vizuri ila likishapata moto haliuachii angani. Lakini upande wa chini wa bati tupu jipya nao hauachii joto kirahisi, kwa hiyo kwa chumba kisicho na dari, miaka ya mwanzo, linakusaidia zaidi ya wanavyoandika. Kutu ikiingia chini, msaada huo umekwisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nyumba ya kupangisha isiyo na dari nashindwa kumwapia, na nina wasiwasi na yeyote anayeapa.

Paa la kujificha nyuma ya ukuta? Mnalipenda, nawachorea. Ila mnajua mmekata kivuli cha kuta zote nne kwa ajili ya picha moja ya mtandaoni.

Turudi kwa dada na madirisha yake ya ziwani. Mji huu umekaa upande wa mashariki wa ghuba. Kila mtu ana picha ya jua likizama nyuma ya jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani, lakini akinunua kiwanja Nyegezi au Luchelele anasahau picha hiyo inamwambia nini: anakotazama ziwa ndiko magharibi. Kioo kikubwa cha kuonea maji ni kioo kikubwa cha kupokea jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili, jua lililolala, linaloingia chini ya ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 bila hodi na kutua kwenye kochi.

Tatizo ni kwamba upepo mzuri wa mchana nao unatoka hukohuko ziwani. Nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa inapanda, ya ziwani inakuja kujaza. Usiku mambo yanageuka, upepo unaelekea majini. Kwa hiyo huwezi kuniambia "basi nizibe magharibi yote", utakuwa umejifungia upepo nje. Unachotaka ni upepo uingie jua libaki nje, na jibu lake ni la wazee: baraza. Baraza pana, mita mbili na kuendelea, na upande wa mbele pawe na kitu cha kukata jua la jioni, matofali ya matundu, mkeka wa matete unaokunjwa, au mmea wa kutambaa. Pazia la ndani ni kuchelewa, joto limeshavuka kioo na sasa liko kwenye pazia, ndani kwako.

Na kama lazima utoboe dirisha, litafutie mwenzake kwenye ukuta unaotazamana nalo. Chumba chenye dirisha moja hakina upepo, kina mandhari. Haya ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, nusu nyingine umelipia kioo cha kusimama. Weka wavu wa mbu, punguza tena. Mimi siwezi kumwambia mtu wa pwani ya ziwa hili aondoe wavu, malaria ipo. Vitabu vinahimiza kufungua nyumba usiku ili kuta zipoe, na kwa usiku wetu ushauri huo ungefaa sana. Lakini nani analala dirisha wazi Igoma? Kwa hiyo kila ninapochora naweka matundu ya juu, karibu na lenta (boriti ya juu ya madirisha), yenye wavu na nondo, yasiyofungwa kabisa. Je, yanatosha kupoza ukuta wa tofali za bloku kabla ya asubuhi? Kwa chumba cha juu penye upepo, naamini. Kwa chumba kilichobanwa na uzio wa jirani, sina imani hiyo.

Wenzetu wa Igogo, Mabatini na Bugarika wana jambo la ziada: mwamba. Nyumba iliyoegemea jiwe mchana inaweza kuwa na kivuli kizuri, jioni jiwe linaanza kurudisha lilichokula kutwa. Usipandishe ukuta wa chumba cha kulala ukigusana na jiwe linalopigwa na jua la mchana. Huko weka stoo au choo.

Feni: inakupoza wewe, haipozi chumba. Ukitoka, zima, mota yake nayo inatoa joto. Kwa hewa yetu, ambayo ni nadra kupita nyuzi 35, feni inafaa karibu siku zote. Ila feni ya juu chini ya bati lisilo na dari inashusha hewa ya moto iliyokuwa imetulia huko juu. Dari kwanza. Kiyoyozi sikisemi, bili ya umeme itakusemea.

Shule sasa. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, mtoto pungufu kidogo. Jaza darasa watoto 70, una zaidi ya kilowati nne zinazochemka kutoka ndani kabla hujahesabu bati. Nimeona kamati ikichangisha kwa ajili ya feni huku darasa halina dari na watoto wamevaa sweta. Sweta! Mwezi wa pili! Ruhusuni sweta zibaki nyumbani, ruhusuni chupa ya maji dawatini, hisabati iwe asubuhi. Fedha zikipatikana, anzeni na dari la madarasa yanayotazama magharibi. Huku mkisubiri, miti.

Kazini: karakana za bati za Nyakato, magodauni, mafundi wangu wenyewe juu ya paa. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ulio mashariki yetu sana, kwa hiyo jua la Mwanza linafika utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba, si saa sita kamili. Msimamizi anayewapumzisha vijana saa sita na kuwarudisha juu ya bati saa saba amewarudisha kwenye moto wenyewe. Mimi kazi ya paa naianza alfajiri na kuikata saa tano. Kijana mgeni kazini, au aliyerudi baada ya wiki kadhaa za kuumwa, apewe nusu ya kazi kwa siku za mwanzo. Mwili huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili na husahau upesi vilevile, kwa hiyo "sisi tumezoea" haimhusu. Maji kikombe kila robo saa, asisubiri kiu. Akianza kuongea visivyoeleweka au kuyumba, msimpakie kwenye bodaboda kwanza. Kivulini, mvueni, mmwagieni maji mengi mwili mzima, mpepeeni, mwingine apige simu ya gari. Akina mama wanaoanika dagaa mchangani hawana msimamizi wa kuwaambia haya, na kivuli wanachohitaji ni nguzo nne na turubai pembeni ya uwanja wa kuanikia.

Mwenye hela kidogo aanze hivi: matundu ya paa, kisha rangi nyeupe juu, kisha foili yenye mwanya, kisha dari kama hana. Kama unavuna maji ya mvua, muulize muuza rangi kama inafaa kwa paa la maji ya kunywa, usichukue yoyote iliyopo. Paka wakati wa kiangazi ili ikauke vizuri, na mvua za mwanzo za vuli ziache zimwagike nje ya simtanki.