Kisukari na Figo: Majibu kwa Wanaosubiri Miguu Ivimbe

Swali: Kisukari kinaharibuje figo?

Sukari ikikaa juu kwa miaka, hasa ikiandamana na shinikizo la juu la damu, huumiza vichujio vidogo vya figo, na protini iitwayo albumini huanza kuvuja kwenye mkojo.

Swali: Sina maumivu yoyote. Nipime ya nini?

Pima, kwa sababu figo zinazoharibiwa na kisukari haziumi. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akienda kazini kama kawaida. Mwenye kisukari cha aina ya 2 anapaswa kupimwa mara tu anapogundulika, na mwenye aina ya 1 baada ya miaka 5, kisha kila mwaka: albumini kwenye mkojo na kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu. Kipimo cha sukari peke yake hakionyeshi hali ya figo.

Swali: Je, nisubiri kwanza miguu ivimbe?

Hapana, tafadhali usisubiri. Wengi hutufikia soksi zikiwa zimeacha mfereji mguuni, na ukibonyeza ugoko kwa kidole shimo linabaki. Wanaamini ugonjwa umeanza wiki hiyo, kumbe umeshakaa miaka.

Swali: Sukari yangu sasa inashuka kwa dozi ileile. Je, nimepona?

Hujapona, na habari hii hutusikitisha kila tunapoisikia ikisemwa kwa furaha. Figo husaidia kuondoa insulini mwilini. Zikidhoofika, dozi uliyoizoea hukaa muda mrefu zaidi, na unaweza kuamka usiku ukitetemeka na kulowa jasho. Kula kitu chenye sukari mara moja, kisha mwone mhudumu wako siku hiyohiyo ili dozi ipangwe upya.

Swali: Maisha ya kila siku hubadilikaje?

Uchovu ndio unaolalamikiwa sana, kwani figo dhaifu hutoa kidogo homoni inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Huja pia ngozi kuwasha, usingizi kukatika, hamu ya chakula na ya tendo la ndoa kupungua, na huzuni ambayo wengi huificha. Semeni, ndugu zetu, maana mengi ya haya yana matibabu. Anayefikia kusafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huketi hapo takribani saa 4, mara 3 kwa wiki, na kazi, safari na hata kiasi cha maji anachokunywa hupangwa kuzunguka mashine hiyo.

Swali: Nikigundulika mapema, kuna la kufanya?

Lipo, na ndiyo maana hatuchoki kusema pima kabla ya dalili. Sukari na shinikizo hudhibitiwa, mara nyingi shinikizo likilengwa chini ya 130/80, na zipo dawa za shinikizo na za kisukari zinazopunguza kasi ya uharibifu. Inasikitisha kwamba watu huziacha hizo kwa kuambiwa zinaua figo, huku wakimeza diklofenaki na ibuprofeni kila mgongo unapouma, dawa ambazo ndizo zinazoweza kuziumiza figo zilizokwisha kudhoofika.